Somo la Kumzikia Mke Mwema

Katika kanisa letu, mwanamke aliyeolewa hazikwi bila kusomewa somo la mke mwema. Hakuna mahali sheria hiyo imeandikwa. Ni desturi tu, ila desturi huuma kuliko sheria. Somo lenyewe linatoka katika mafundisho ya hekima ya Waebrania wa kale, pale mama wa mfalme anapomweleza mwanawe mke wa kutafuta: yule anayeamka kungali giza, ambaye mikono yake haijui kukaa bure, anayenunua shamba na kulipanda, ambaye usiku taa yake haizimwi. Nimelisikia makaburini tangu utoto wangu. Hata wanawake wasiojua kusoma hulifuata kwa midomo, mstari kwa mstari.

Anayelisoma ni binti wa kwanza wa marehemu. Kama hana binti, husoma mke wa mwanawe. Na lisiposomwa, kila mtu anajua maana yake. Nilikuwa msichana tulipomzika jirani yetu aliyemwacha mumewe akaenda kukaa na mwanamume mwingine. Alisomewa zaburi fupi, akafukiwa. Hakuna aliyesema neno baya juu yake. Hapakuwa na haja.

Kwa dada yangu hakuna aliyetarajia shida ya namna hiyo. Yeye ndiye aliyekuwa mfano wenyewe. Katika mikutano ya akina mama, mwenyekiti wao alikuwa akimwonyesha kwa kidole na kuwaambia wasichana wanaojiandaa kuolewa, "Mnataka kuona mke wa Maandiko? Msiende mbali. Ndiye huyo amekaa pale nyuma." Dada yangu aliinamisha kichwa na kuficha mikono chini ya leso. Alipenda kusifiwa, sitadanganya. Hakuwa na kitu kingine cha kumpa sifa.

Alikuwa na kibanda cha chakula Upper Hill, miaka ile ya elfu mbili majengo marefu yalipokuwa yakichipuka kila kona. Aliwapikia wajenzi, askari wa kulinda ofisi, makarani wa chini na watu waliokuja kuona wagonjwa wao katika hospitali kuu iliyo karibu. Kabla ya kwenda huko alikuwa amekama ng'ombe, amekata nyasi, amepika chai ya watoto na kuchemsha githeri, mahindi na maharagwe, ya kubeba. Akirudi jioni alianza kukanda unga wa chapati za kesho. Shemeji yangu hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi ya kuendesha gari la kampuni, alileta mshahara nyumbani, na hakuwahi kumpiga. Alikuwa tu amezoea kumwona amesimama.

Kisha miguu ikaanza kuvimba. Pumzi ikawa fupi. Alikaa muda mrefu akiitazama hospitali kutoka kibandani kwake bila kuvuka barabara, kwa kuwa saa za kumwona daktari ndizo saa za chakula cha mchana. Siku aliyovuka walimwambia moyo wake umepanuka na presha iko juu sana. Yeye alinisimulia akicheka.

"Daktari amesema nipumzike. Nikamwuliza, daktari, hiyo dawa inauzwa duka gani?"

Nilicheka naye. Aliendelea na kazi, na msimu wa mvua ulipoanza alianguka pale kibandani, akabebwa na wateja wake hadi wodini, na hakutoka tena.

Maombi ya jioni yalifanyika kwake, kwenye shamba dogo la ukoo wa shemeji upande wa Kabete. Watu walijaa hadi uani. Palikuwa na chai na mkate, nyimbo, na mtu mmoja baada ya mwingine akisimama kusema neno. Mimi sikusema. Sina maneno ya mbele ya watu. Niliishia darasa la saba, na tangu hapo kazi yangu imekuwa kufua na kupiga pasi katika nyumba za watu Loresho. Nilikaa karibu na mlango wa jikoni na kumshika mkono mpwa wangu, binti wa kwanza wa dada yangu, aliyekuwa kidato cha pili. Mkono wake ulikuwa baridi na hakuuondoa, wala hakuushika wangu.

Jioni moja mwenyekiti wa akina mama alisimama kugawa kazi za siku ya mazishi. Nani ataongoza nyimbo, nani atapika, nani atabeba mashada. Akamgeukia mpwa wangu.

"Somo utasoma wewe, mami," alimwambia. Kwetu mtoto wa kike huitwa hivyo kwa upole, kana kwamba ni mama mdogo.

"Sisomi."

"Usiogope watu. Tutasimama na wewe, mmoja huku, mmoja huku."

"Siogopi watu. Sitaki tu."

Mama mmoja alisema ni uchungu, mwacheni, atakubali kesho. Mwingine akasema siku hizi shule inawafundisha kujibu wakubwa. Mwenyekiti alibaki akitabasamu, kikombe mkononi.

"Mami, ni mama yako. Hakuna mtu kijiji hiki anastahili hilo somo kama yeye."

"Hiyo kitu ndiyo ilimuua," mtoto akasema.

Hakupaza sauti. Nadhani angepaza sauti wangemsamehe. Aliyasema jinsi mtu anavyokuambia maji yamekwisha. Shemeji alinitazama kutoka upande wa wanaume. "Toka na mtoto nje," akasema, nami nikatoka naye.

Baada ya watu kuondoka, shemeji alinifuata kando ya boma la ng'ombe. Hakuwa amekasirika. Alikuwa anaogopa.

"Shemeji, ongea naye. Wewe anakusikia. Lisiposomwa, watu watauliza dada yako alinifanyia nini."

"Hakukufanyia kitu."

"Wewe unajua, na mimi najua. Wao watajuaje?"

Alisema kweli. Nilimwahidi kwamba nitajaribu.

Kesho yake tulitumwa mjini, mimi na mpwa wangu, kuchukua karatasi za ratiba ya mazishi. Wachapaji wako katika vichochoro vya chini ya mji, vyumba vidogo vyenye kompyuta moja na fremu za madirisha zilizojaa sura za marehemu wa wiki hiyo. Kijana aliyekuwa kwenye mashine alituonyesha kazi yake. Picha ya dada yangu ilikuwa ile ya harusi ya jirani, amevaa kofia ya kuazima.

"Hapa kwa somo niweke nani?" kijana akauliza. "Kawaida ni firstborn. Maneno ya somo ninayo tayari, hata sihitaji kuandika upya. Ni kubandika tu."

Nilimtazama mpwa wangu. Alikuwa akitazama barabarani, wachuuzi wakiinua vitambaa vyao vya bidhaa askari wa jiji wakitokea na kuvirudisha chini wakipita.

"Acha wazi," nikasema.

"Wazi kabisa, mathe? Watu watadhani nimesahau."

"Andika Somo, halafu uache wazi."

Akatikisa kichwa, lakini akafanya hivyo. Tukiwa na karatasi zetu kwenye bahasha kubwa ya kaki tulipanda mlima kwa miguu hadi Upper Hill, kwa sababu sufuria za dada yangu zilikuwa bado zimefungiwa kibandani na zilihitajika kwa kupikia waombolezaji.

Askari wa jengo la jirani aliniona nikifungua kufuli. Alikuwa ameenda kwao kwa siku kadhaa, hakuwa na habari.

"Sasa mrembo," akamwambia mpwa wangu. "Mama ako wapi? Leo amelala? Huyo halalangi. Hata mimi soja wa usiku nalala kumshinda."

Nilimwambia. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, akakaa kwenye benchi ambako wateja hukaa. Baada ya muda akasema, "Si nilikuwa namtania tu," kana kwamba tumemlaumu. Kisha akasaidia kubeba sufuria kubwa nje.

Tulipobaki wawili, mpwa wangu alianza kusema bila mimi kumwuliza. Alikuwa anasugua jiko lililozimika, hakuna sababu.

"Tata, unajua alikuwa analala akisimama? Hapa. Kijiko kikiwa kwa mkono. Mimi nikija likizo kumsaidia nilikuwa namwona. Nikimwambia, mama kaa chini kidogo, anasema, watu wa kanisa wakipita wanione nimekaa?"

"Watu wa kanisa hawapiti Upper Hill."

"Si ndiyo nilimwambia. Akasema Mungu anapita."

Tata ni shangazi, na pia mama mdogo, ndivyo walivyoniita. Nilimwuliza kama kweli anaamini ni somo lililomuua mamake, na si ugonjwa.

"Ugonjwa ulimwambia alale," akasema. "Somo likamwambia asilale. Akasikiza somo. Sasa mnataka nisimame hapo mbele niseme asante?"

Nilikuwa nimeahidi kumshawishi, na niliona kwamba nikimshawishi nitakuwa nimemwua kidogo yeye pia.

Siku iliyofuata nilienda kazini Loresho, kwa kuwa mazishi yalikuwa bado na tajiri wangu hakuwa amenipa ruhusa nyingine ila ya siku yenyewe. Adhuhuri, nguo zikiwa kwenye kamba, nilikaa nyuma ya nyumba na Maandiko yangu na kusoma lile somo polepole, mwenyewe, kwa mara ya kwanza bila jeneza mbele yangu. Nikafika mahali ambapo yule mke anaamka na kuwagawia chakula wajakazi wake. Nikarudi nyuma nikasoma tena. Alikuwa na wajakazi. Nilikuwa nimekaa chini ya kamba ya nguo za mwanamke mwingine, ndani ya ua la mawe, nikielewa kitu ambacho sauti za makaburini zilikuwa zimekipita haraka kila mara. Taa ya yule mke haikuzimika usiku, sawa. Lakini kulikuwa na mtu mwingine wa kuijaza mafuta. Sisi tulikuwa tumechukua kazi ya nyumba nzima ya tajiri wa kale, pamoja na wajakazi wake, tukaiweka juu ya mgongo wa mtu mmoja, kisha tukamwita mwema asipoanguka.

Niliendelea kusoma. Wakati huo sikuwa nikijua kwamba wale wenye hekima hawakubaliani. Tulifundishwa kana kwamba wote walisema jambo moja: fanya bidii, sema kweli, mche Mungu, utaishi siku nyingi na kushiba. Yuko anayesema hivyo. Lakini kurasa chache mbele yuko mwingine, mzee aliyechoka, anayesema ameona mwema akifa mapema katika wema wake na mbaya akizeeka vizuri, na kwamba mtu mwenye kiganja kimoja kilichojaa na moyo uliotulia ana nafuu kuliko mwenye viganja viwili na mbio zisizoisha. Na nyuma yao yuko yule aliyepoteza watoto wote, ambaye marafiki zake walimfaa walipokaa naye mavumbini kimya, wakamwumiza walipofungua kinywa kumweleza sababu. Waebrania hawakumfukuza hata mmoja wao. Waliwaweka pamoja, wakibishana, na kuwaachia watoto wao wasikie pande zote. Sisi tulikuwa tumechagua upande mmoja na kuwasomea wanawake waliokufa.

Sikufurahi kugundua hivyo. Niliogopa. Ni rahisi zaidi kuhuzunika ukiwa huna la kufanya.

Nilipotoka kazini nilipitia kwa mwenyekiti wa akina mama. Anauza mboga kando ya barabara, sukuma na viazi na nyanya zilizopangwa kama minara midogo. Aliniona nikija akanisogezea kreti nikae.

"Amekubali?"

"Hajakubali. Na sitamlazimisha."

Nilimweleza. Nilimweleza vibaya, nikirukaruka, wajakazi kwanza, halafu kiganja kimoja, halafu miguu ya dada yangu. Nilimwambia nitasoma mimi, lakini nitasoma yale maneno ya mzee aliyechoka, kuhusu kiganja na utulivu. Alinisikiliza huku akichambua maharagwe mabichi. Mteja mmoja akaja, akamhudumia, akarudi.

"Umemaliza?"

"Ndiyo."

"Wewe unafikiri mimi sijui habari ya wajakazi? Nimesoma hiyo kitu kabla uzaliwe." Aliinua mguu wake mmoja kutoka kwenye kiatu cha mpira akanionyesha kisigino. Kilikuwa kimepasuka kama udongo wa kiangazi. "Huyu mume wangu hajawahi kuniambia asante. Watoto wangu wakipiga simu wanauliza kama viazi vimeiva. Siku moja tu, mama. Siku moja nitalala hapo mbele, na mtu atasimama aseme kwamba kile nilichofanya kilikuwa kitu. Hiyo ndiyo pensheni yangu. Na hata sitaisikia. Sasa wewe unakuja kuniambia iko na makosa?"

"Sijasema iko na makosa. Nasema kwa dada yangu iliuma."

"Inatuuma sote. Ndiyo maana tunataka isomwe."

Nilitaka kumwambia kwamba ana haki, na alikuwa nayo, lakini mtoto naye alikuwa nayo, na nilikuwa na mdomo mmoja.

"Ukifanya hivyo," akasema, "sisi akina mama hatutaimba. Si kwa hasira. Hatuwezi kumwimbia mtu ambaye hakusomewa. Kesho wengine watasema nao hawataki, na mwisho wake tutazikwa kama mbuzi."

Siku ya mazishi ilikuwa na jua kali. Hema lilifungwa kati ya migomba na boma, viti vya plastiki vikajaa, na akina mama wakakaa safu ya mbele na vitambaa vyao vyeupe vya kichwa. Watu walipofungua karatasi na kuona pale palipoachwa wazi, niliona vichwa vikiinamiana. Mchungaji, ambaye nilikuwa nimemweleza asubuhi, alisema tu kwamba somo litasomwa na mdogo wa marehemu. Shemeji alikuwa ametazama chini tangu nilipompasha habari, na hakuinua macho.

Nilisoma. Sikumbuki sauti yangu. Nakumbuka kwamba lilikuwa somo fupi kuliko nilivyodhani, na nilipomaliza watu walikuwa bado wanangojea lianze. Nilitaka kueleza. Nilikuwa nimepanga kusema juu ya hospitali na barabara ambayo hakuivuka, lakini ningefanya hivyo ningeanza kuwa kama wale marafiki waliofungua kinywa. Nikarudi kukaa. Mpwa wangu alinishika mkono, safari hii akaufinya hasa.

Kisha ukaja wakati wa wimbo, na safu ya mbele ikakaa kimya. Hawakuinua hata sauti ya kuanzia. Vijana wachache wakaanzisha kitu huku nyuma, kikafifia. Dada yangu alishushwa kaburini kwa mlio wa kamba na amri za wanaume: taratibu, upande wa kulia kidogo, achilia. Alikuwa amewaimbia wanawake wangapi makaburini sijui. Niliusikia ukimya ule hadi mifupani, na nilijua kwamba kati ya watu waliokuwa pale wako ambao kuanzia siku ile wangejiuliza dada yangu alikuwa amefanya nini.

Mwenyekiti alifika kaburini kwa zamu yake, akatupa udongo. Alipopita mbele yangu alisimama.

"Umemvua dada yako nguo mbele ya watu," akaniambia kwa sauti ya chini.

Mpaka leo sina jibu ninaloliamini siku zote. Kuna siku naona nilimfunika dada yangu kwa kitu kinachomtosha kwa mara ya kwanza. Kuna siku nakutana na mtu sokoni akaniambia, huyo dada yako si ndiye yule ambaye..., asimalizie, na nikitembea kwenda nyumbani naona mwenyekiti alisema kweli tupu.

Watu walikula wali na mchuzi wa viazi chini ya hema. Vyombo vikaanza kurundikana kando ya bomba. Mama mmoja wa upande wa shemeji alizunguka akimtafuta mpwa wangu, kwani binti wa nyumba ndiye wa kwanza kuosha vyombo wageni wakiwapo. Nilimpata mimi kabla yake. Alikuwa chumbani, amelala juu ya kitanda cha mamake na viatu vyake, uso ukutani, jua la alasiri likimpiga mgongoni. Alikuwa anakoroma kidogo. Sijui ni tangu lini hakuwa amelala.

Yule mama akafika mlangoni.

"Mwamshe. Vyombo vinangoja, na watu wanaangalia."

Nilisimama katikati ya mlango.

"Amelala," nikasema.

"Namwona. Ndiyo nasema umwamshe."

"Hapana. Amelala."

Alinitazama kama mtu aliyeanza kuelewa kwamba mimi ndiye tatizo la familia hii. Akaenda. Kupitia dirishani nilimwona akiwafikia akina mama na kuwaambia, na vichwa vikageuka kutazama nyumba. Mwenyekiti naye aligeuka. Alitazama dirisha muda mrefu. Kisha akafungua kitambaa chake cheupe, akakikunja vizuri na kukiweka juu ya kiti, akakunja mikono ya gauni lake, akavua viatu, na akainama kwenye sufuria kubwa ya Upper Hill akaanza kuisugua kwa majivu. Hakunitazama tena siku hiyo. Mimi nilibaki mlangoni hadi jua lilipotoka mgongoni mwa mtoto.